Mashine ya sukari inapokuchanganya: namba za ajabu, stripu zinazogoma na kidole kisichotoa damu

Saa nne usiku jirani aligonga dirisha, mashine ya kupima sukari mkononi, ameishika kama mtu aliyeshika simu yenye habari za msiba. "Njoo umwone bibi, sukari imefika kumi na tisa nukta nane." Nikamkuta bibi amekaa mkekani, anapumua vizuri, ananiuliza kama nimeshakula. Pembeni yake sahani, kisu, na kokwa mbili za embe dodo. Nikamwomba anawe mikono kwa sabuni, akajifuta kwa upindo wa kanga safi, tukachoma kidole kingine. 8.4. Mashine haikuwa na ugonjwa wowote. Mara ya kwanza ilipima embe.

Mama yangu anaishi na kisukari mwaka wa kumi na mbili sasa, na kwa kuwa mashine ya nyumbani ninaishika mimi, mtaa umeshanifanya fundi. Udaktari sina. Ila malalamiko yanayoniijia ni yale yale, na mashine yenyewe ndiyo ya mwisho kulaumiwa: kinaanza kidole, inafuata stripu (kile kipande chembamba unachochomeka kwenye mashine na kinachonyonya damu), halafu mahali stripu zinapokaa. Hapa chini nimeyapanga kwa kile unachokiona kwenye kioo, na kila mahali nimetanguliza sababu inayotokea sana.

Kabla ya mashine, mwangalie mtu

Acha kuhangaika na stripu, tafuta usafiri wa kwenda hospitali, ukiona lolote kati ya haya: hajitambui au maneno yake hayaeleweki, ana degedege, anatapika mfululizo na hata maji hayakai tumboni, anapumua kwa kina na kwa haraka huku pumzi ikinuka kama matunda yaliyoiva kupita kiasi. Asiyejitambua usimmiminie soda wala asali mdomoni, itaingia njia ya hewa. Mlaze ubavu.

Anayetetemeka, anayetoka jasho jembamba, aliyeshikwa na njaa ya ghafla au kuchanganyikiwa kidogo lakini bado anameza vizuri, mpe sukari kwanza: vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye maji, au nusu glasi ya soda ya kawaida, si ile isiyo na sukari. Pima tena baada ya dakika 15, rudia kama bado iko chini ya 4.0. Na kama mashine imegoma kabisa, mpe hivyo hivyo. Vijiko vitatu vikimkuta sukari yake ilikuwa sawa, itapanda kidogo kisha itashuka. Kumsubirisha aliyeshukiwa na sukari mpaka utafute betri ni hatari ya kweli.

Namba imepanda sana na mtu hana dalili yoyote

*Vidole.* Stripu inavuta tone dogo mno, nyingi zinatosheka na chini ya maikrolita moja. Damu yenye sukari ya 5.0 ina takriban gramu 0.9 tu za glukosi katika lita nzima, wakati maji ya tunda yana makumi ya gramu. Kwa hiyo utando usioonekana wa chungwa, embe, chai ya sukari au uji kwenye ngozi unatosha kuharibu hesabu yote. Mwaka 2011 watafiti wa Japani walichapisha jaribio la watu waliomenya chungwa, zabibu na kiwi kisha wakapima bila kunawa: namba zilipaa, na hata kufuta kidole kwa spiriti hakukutosha. Waliponawa kwa maji ya bomba, zilirudi mahali pake. Hapa ndipo wengi wanapokosea, kwa kuwa wameona hospitalini kipamba cha spiriti wakadhani ndiyo kanuni. Nyumbani, maji na sabuni ni bora kuliko spiriti. Kausha vizuri, choma. Uko safarini na maji hakuna? Choma, futa tone la kwanza kwa pamba safi, pima la pili.

*Imepanda kweli.* Tusijidanganye, mara nyingi ni hivi. Kidonge cha asubuhi kilisahaulika. Kuna homa, jino lililooza au kidonda mguuni, na mwili unaopigana na maambukizi hupandisha sukari. Kuna dawa kama prednisoloni au deksamethasoni, ambazo wengine wanazimeza bila kujua kwa sababu walipewa "dawa ya maumivu" kwenye pakiti isiyo na jina. Au insulini yenyewe iliungua jua ndani ya gari. Ukinawa, ukapima tena kwa kidole kingine na bado ni ile ile, iamini.

*Stripu zimeharibika.* Nitalirudia hili hapo mbele kwa kirefu.

*Upungufu wa damu.* Chembe nyekundu zikiwa chache, mashine nyingi husoma juu kuliko uhalisia. Zikiwa nyingi kupita kawaida, husoma chini. Kwetu si jambo la kupuuza: kuna malaria, kuna selimundu, kuna wajawazito wenye damu ndogo. Karatasi ndogo inayokuja na stripu inataja mipaka ya wingi wa chembe nyekundu ambamo kipimo kinafanya kazi. Mtu aliyeambiwa juzi kwamba damu yake iko chini asitegemee mashine ya nyumbani peke yake, aombe kipimo cha maabara.

*Nadra, lakini ni hatari.* Aina fulani ya stripu haitofautishi glukosi na sukari nyingine ziitwazo maltosi. Mgonjwa wa figo anayesafishwa damu kwa njia ya tumbo, kwa maji yenye ikodekstrini, ambayo mwilini huvunjika kuwa maltosi, anaweza kusoma namba ya juu wakati sukari yake imeshuka. Vitamini C kwa dozi kubwa ya dripu nayo huvuruga. Ukiwa katika kundi hili, usipime kwa mashine yoyote kabla ya kuuliza kwenye kliniki yako ya figo ni stripu gani inakufaa.

Na hili liwe katazo: usichome insulini ya ziada kwa sababu ya namba moja. Nawa, rudia, ndipo ufuate maelekezo uliyopewa kliniki. Insulini iliyochomwa kutibu embe itamshusha mtu mchana kweupe.

Kioo kimeandika HI

Si salamu. Babu mmoja wa hapa mtaani alinionyesha mashine yake akicheka kwamba leo imemwamkia. HI maana yake sukari imepita uwezo wa mashine kuhesabu, na kwa mashine nyingi mwisho ni 33.3 mmol/L (milimoli za sukari katika lita ya damu). Nawa, rudia mara moja tu. Ikiandika HI tena, hakuna cha kutafuta nyumbani: ni hospitali sasa hivi, hata kama mgonjwa anatembea na kuongea. Njiani anywe maji kama anameza.

Dada yake ni LO, nitamfikia.

Inaandika 126, 140, 210

Swali hili linakuja kila mara jamaa wa Marekani anapomtumia mama yake zawadi. Sisi hapa, Tanzania na Kenya, tumezoea mmol/L, Marekani wanatumia mg/dL (miligramu katika desilita). Gawa kwa 18. 126 ni 7.0, 140 ni karibu 7.8, 210 ni karibu 11.7. Na 70 ni 3.9, yaani imeshuka. Nilishakutana na mtu aliyefurahia 65 akidhani ni namba nzuri kwa sababu "si mia".

Angalia maandishi madogo pembeni ya namba. Baadhi ya mashine zinakuruhusu kubadili kipimo kwenye mipangilio, nyingi zimefungwa kiwandani. Kama yako imefungwa, bandika kipande cha plasta mgongoni mwake na uandike kwa kalamu ya wino: GAWA KWA 18. Kisha jiulize swali la pili, ambalo watu hulisahau: stripu zake utazipata wapi zile 50 zikiisha? Mashine huwa ya bei nafuu au ya bure kabisa, pesa iko kwenye stripu. Kabla hujapokea zawadi, uliza duka la dawa la karibu kama wana stripu za jina hilo hilo. Stripu ya jina jingine, hata ikiingia kwenye tundu, haikupi jibu.

Nimepima mara mbili, nimepata namba mbili

9.2, dakika moja baadaye 10.1, na mashine inarushwa kabatini. Irudishe. Kiwango cha kimataifa cha mashine hizi, ISO 15197 cha mwaka 2013, kinataka majibu 95 kati ya 100 yawe ndani ya asilimia 15 ya kipimo cha maabara, juu au chini, kama sukari ni 5.55 au zaidi. Ikiwa chini ya hapo, yawe ndani ya 0.83. Hesabu mwenyewe: sukari halisi ya 10.0 mashine nzuri inaruhusiwa kuisoma 8.5, inaruhusiwa kuisoma 11.5. Kwa hiyo 9.2 na 10.1 kwangu mimi ni namba moja.

Zikipishana zaidi ya hapo, kwa mfano 7 na 13, fuata mlolongo huu. Je, kidole kilikuwa na maji au spiriti mbichi mara mojawapo? Je, tone moja lilitoka lenyewe na jingine ulilikamua kama ndimu? Je, stripu mbili zilitoka vichupa tofauti? Je, mashine yako ni ya zamani, inayodai kodi? Si ile ya mwenye nyumba: ni namba iliyoandikwa ubavuni mwa kichupa, ambayo lazima ifanane na inayotokea kwenye kioo, au kikadi kidogo unachochomeka kila unapofungua kichupa kipya. Kodi ikipishana, kila jibu linapinda, na mashine haitakuambia.

Yote hayo yakiwa sawa, kuna maji ya majaribio. Ni kichupa kidogo chenye sukari ya kiwango kinachojulikana. Unadondosha tone juu ya kipande cha plastiki safi, unaligusisha stripu kama vile ni damu, kisha unalinganisha na mipaka iliyochapishwa kwenye kichupa cha stripu. Mengi yanadumu miezi mitatu tu baada ya kufunguliwa, kwa hiyo andika tarehe. Madukani hayapatikani kirahisi, muulize wakala anayeleta mashine hizo. Jibu likiwa nje ya mipaka, badilisha kichupa cha stripu kabla ya kuilaumu mashine. Stripu mpya nazo zikikosea, basi hapo mashine imeisha.

Stripu: hapa ndipo mambo mengi yanapoharibikia

Ukijua inavyofanya kazi hutaiacha wazi tena. Kwenye ncha ya stripu kumepakwa kimeng'enya. Damu ikigusa, kimeng'enya kinaivunja glukosi, elektroni zinatoka, na mashine inapima ule umeme mdogo na kuugeuza kuwa namba. Wazo la kuunganisha kimeng'enya na umeme lilitangazwa mwaka 1962 na Leland Clark na Champ Lyons huko Marekani. Kwa maneno mengine, maabara yako ni ile stripu. Mashine ni kihesabio chenye kioo.

Kimeng'enya hakipendi unyevu wala joto. Kifuniko cha kichupa, au wakati mwingine kuta zake, kina dawa ya kunyonya unyevu. Ndiyo maana ukihamishia stripu kwenye mfuko wa nailoni ili zikae vizuri kwenye pochi, umeziua. Toa moja, funga pale pale, kisha ndiyo uendelee na kidole. Nimewaona wanaopanga vizuri kila kitu mezani, kichupa kiko wazi, wanaanza kutafuta miwani.

Nyingi zinataka zikae pasipozidi nyuzi 30. Kwa sisi wa Pwani, Januari hadi Machi, hilo ni kazi. Chumba chenye kivuli, kabati la ndani, mbali na jiko na dirisha. Juu ya friji hapana, kuna joto. Ndani ya friji hapana, ukiitoa hewa ya chumbani inaganda kuwa umande juu yake. Wengi wanaotunza insulini kwenye mtungi wa udongo kwa sababu hawana friji wanaweka na stripu humo humo, na hilo ni kosa linaloeleweka: insulini inafurahia ubaridi wa mtungi, stripu inauawa na unyevu wake. Kwenye gari lililopaki juani usiache kimojawapo.

Stripu zilizoharibika hazina tabia moja. Zinaweza kusoma juu, zinaweza kusoma chini, zinaweza kugoma. Angalia tarehe ya mwisho kwenye kichupa, kisha angalia maelezo kuhusu siku za matumizi baada ya kufungua: kuna zinazodumu miezi mitatu, kuna miezi sita, kuna zinazokwenda hadi tarehe yake. Duka likikumegea stripu kumi kwenye karatasi, kataa. Bei ni tamu, ila huna kifuniko, huna tarehe, huna kodi.

Inaandika "Er" na namba, au E na namba

Kila kampuni ina orodha yake, kwa hiyo Er 4 ya kwako si lazima iwe Er 4 ya jirani. Kijitabu kikipotea, wengi huweka nakala kwenye intaneti kwa jina la mashine. Lakini nyuma ya alama hizo sababu ni chache.

Damu haikutosha, au ilifika kwa awamu. Hii ndiyo inayoongoza. Tone likiwa dogo, watu huongeza jingine juu yake. Stripu nyingi hazikubali, na zile zinazokubali zinakupa sekunde chache tu. Pia damu haipakwi juu ya stripu kama siagi. Unaigusisha ncha kwenye tone, yenyewe inanyonya.

Ulidondosha damu kabla mashine haijawa tayari. Subiri alama ya tone ianze kuwaka na kuzima.

Stripu imetumika, imepinda, imeingia kichwa chini, au haikuingia mpaka mwisho.

Baridi au joto. Mashine nyingi hufanya kazi kati ya nyuzi 10 na 40 hivi. Ukiona picha ya kipimajoto kwenye kioo, ndiyo hiyo. Njombe asubuhi ya mwezi wa saba inaweza kugoma bila kosa la mtu. Ipe muda ndani ya chumba chenye joto la kawaida, dakika 20 au 30. Usiipashe jikoni wala kuiweka chini ya kwapa ukitarajia miujiza. Mashine na stripu vinatakiwa vifikie joto moja polepole.

Uchafu kwenye tundu. Futa nje kwa kitambaa chenye unyevu kidogo. Usipulizie spiriti tunduni, usichokoe kwa sindano. Damu ikishaingia ndani na kukauka, au kosa likabaki lile lile hata ukiweka stripu mpya kutoka kichupa kipya, mpelekee aliyekuuzia. Usiifungue. Fundi simu wa mtaani anaweza kuirudisha ikiwaka, ila hana namna ya kujua kama inasema kweli, na mashine inayowaka huku ikidanganya ni mbaya kuliko iliyokufa.

Damu haitoki

Maji ya uvuguvugu, dakika moja. Ning'iniza mkono chini ya kiuno, utikise kidogo. Choma ubavuni mwa ncha ya kidole, si katikati ya nyama, ubavuni kuna damu nzuri na maumivu machache. Kalamu ya kutobolea ina namba za kina, mara nyingi 1 hadi 5. Mkulima, fundi ujenzi na mama anayesonga ugali kila siku wana ngozi ngumu, wapandishe namba moja moja. Badilisha vidole, usikitese kimoja mpaka kiote sugu.

Usikamue kwa nguvu. Unachokitoa si damu tupu, kinachanganyika na majimaji ya kwenye nyama, na jibu linapinda. Sukuma taratibu kuanzia kiganjani kuelekea nchani.

Sindano ni moja kwa mara moja. Najua watu wanaitumia wiki nzima, na ndiyo sababu inauma: ncha imeshapinda. Lisilo na mjadala ni kushirikiana. Kalamu ya kutobolea ni ya mtu mmoja kama mswaki, hata kwa mume na mke, hata ukibadilisha sindano. Kirusi cha homa ya ini aina ya B kinaweza kuishi siku saba kwenye damu iliyokauka, na doa lenyewe huwezi kuliona. Sindano zilizotumika ziweke kwenye chupa ngumu ya plastiki yenye kifuniko, ikijaa uliza kituo cha afya kama wanaipokea.

Vidole vikiwa vya baridi na mtu amepauka, ana jasho, presha imeshuka au amekaukiwa maji kwa kuharisha, usiendelee kumchoma. Damu ya kidoleni kwa wakati huo haiwakilishi ya mwilini. Hospitali.

Namba ndogo kuliko anavyojisikia, au LO

LO kwa mashine nyingi ni chini ya 1.1. Mtu akiwa na sukari hiyo kweli, kwa kawaida hakuulizi umeme umerudi saa ngapi. Hata hivyo, mtu asiye na dalili si ushahidi wa kutosha: waliokaa na kisukari miaka mingi, hasa wanaochoma insulini, wengine hupoteza zile ishara za kutetemeka na jasho. Kwa hiyo utaratibu hapa unageuka. Kwenye namba kubwa tunanawa kwanza. Kwenye namba ndogo anakunywa sukari kwanza, maswali baadaye.

Akishakunywa, tafuta sababu: kidole kilikuwa na maji (tone limezimuliwa), tone halikujaa, ulikamua, stripu mbovu. Sababu za kweli ni kuchelewa kula baada ya dawa, kufanya kazi nzito kuliko kawaida, pombe bila chakula, au dozi iliyorudiwa kwa kusahau.

Mwezi wa Ramadhani naulizwa kama kuchoma kidole kunafunguza. Wengi wa masheikh na madaktari wanasema hakufunguzi, na miongozo ya kisukari na Ramadhani inasema vunja saumu ikishuka chini ya 3.9 au ikipita 16.7. Ongea na daktari na sheikh wako kabla ya mwezi kuandama.

Haiwaki kabisa

Betri. Nyingi zinatumia ile bapa ya duara kama sarafu, CR2032. Nyingine zinatumia mbili nyembamba za rimoti. Hakikisha upande wa kujumlisha uko juu na umeondoa karatasi ya plastiki ya kiwandani. Nyingine hazina kitufe cha kuwasha, zinaamka ukichomeka stripu, kwa hiyo jaribu hivyo kabla ya kwenda dukani.

Betri kuukuu usiiache mezani kukiwa na mtoto. Akimeza ile ya sarafu inaweza kuunguza koo lake ndani ya saa mbili. Hata ukihisi tu amemeza, ni hospitali bila kusubiri dalili.

Ukishabadilisha, rekebisha saa na tarehe. Daktari akifungua kumbukumbu akakuta sukari ya saa nane usiku kumbe ilikuwa mchana baada ya wali, atakupangia dawa ya usiku usiyoihitaji.

Hailingani na maabara

Kwanza hakikisha mnalinganisha kitu kimoja. Karatasi ikiandika HbA1c asilimia 7, hiyo si sukari ya leo. Ni picha ya miezi miwili hadi mitatu, na asilimia 7 inaendana na wastani wa karibu 8.6 kwenye mashine yako.

Pili, saa. Ulipima nyumbani saa moja asubuhi ukiwa hujala, ukatolewa damu saa nne ukiwa umeshapita kwa mama ntilie. Na hata kwa dakika ile ile, baada ya chakula damu ya kidole huwa na sukari nyingi kuliko ya mshipa, kwa kuwa ile ya mshipa imeshapita kwenye misuli ikaacha sehemu ya mzigo.

Tatu, maabara nayo hukosea. Chembe za damu zinaendelea kula sukari ndani ya kichupa, kiasi cha asilimia 5 hadi 7 kila saa kwenye joto la kawaida. Damu ya 10.0 iliyosubiri saa mbili kwenye foleni bila kutenganishwa inaweza kutoka 8.8, na wewe ukarudi nyumbani ukiitukana mashine.

Njia ya haki ni hii. Siku ya kliniki nenda na mashine, stripu zako na kichupa chake. Ukiwa hujala, mara tu baada ya kutolewa damu ya mshipa, nawa, kausha, choma kidole ndani ya dakika tano, uandike namba na saa kwenye daftari. Uliza kwa upole sampuli itafika maabara saa ngapi. Tofauti ikiwa ndani ya asilimia 15, rudi nayo nyumbani. Ikizidi, rudia mara ya pili kwa kichupa kipya cha stripu. Ikizidi tena, mwachie nesi aione, na usiguse dozi yako mpaka atakapokuambia. Ya mama yangu mwezi uliopita ilisoma 7.9, maabara 7.4. Amerudi nayo, na sasa anakatalia embe mpaka apime kwanza.